Kitalu nyumba cha matao nyuma ya nyumba: nailoni ipi ya kuokoteza inafaa kuwa paa?

Msomaji wetu wa Chanika ametuandikia kwamba amesimamisha matao saba ya bomba la PVC nyuma ya nyumba yake, yakifanya kitalu chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, akikusudia kupanda nyanya, pilipili hoho na giligilani. Fedha za kununulia karatasi maalumu ya kitalu nyumba hana kwa sasa, lakini amekusanya mabango ya matangazo yaliyokwisha kutumika, nailoni zinazofungiwa magodoro mapya, turubai la buluu, vyandarua vya zamani na viroba vitupu. Anauliza ni kipi kati ya hivyo kinachofaa kufunikia, aviunganishe kwa namna gani, na kama ni kweli, jinsi anavyoambiwa na jirani yake, kwamba nailoni ni lazima ifukiwe ardhini pande zote ili joto lisitoke.

Ndugu msomaji, naanza na ushauri wa jirani, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua mengine yote. Kufukia nailoni pande zote ni desturi ya nchi zenye baridi, ambako mkulima huwinda kila nyuzi ya joto anayoweza kuipata. Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari, takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mchana wa Januari au Februari joto la kivulini hufika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi. Banda dogo la nailoni lililofungwa pande zote katika hali hiyo huweza kuvuka nyuzi 45 ndani yake. Nyanya inapopata joto la mchana linalozidi nyuzi 32 hadi 35, chavua yake hudhoofika, na maua hudondoka bila kushika tunda. Usiku wenye joto, ambao sisi wa pwani tunaufahamu vyema, huzidisha tatizo hilo. Ukifuata ushauri wa jirani utapata miche mirefu, ya kijani kibichi, iliyojaa majani na isiyokuwa na nyanya.

Kwetu sisi adui wa mboga ni mvua na jua kali. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na zile za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hulowesha majani kwa saa nyingi, hurusha udongo kutoka ardhini hadi kwenye majani ya chini, na kwa njia hiyo hueneza bakajani na magonjwa mengine ya ukungu na bakteria, ambayo ndiyo sababu bei ya nyanya mjini hupanda wakati ambapo kila kitu kingine shambani kinaota vizuri. Kwa hiyo kitalu chako kinapaswa kuwa mwavuli, yaani paa lisilovuja juu, na pembeni kuwe wazi au kuwe na neti tu. Uamuzi huu unakupunguzia gharama pia, kwa sababu eneo linalohitaji nailoni nzuri linakuwa dogo kuliko ulivyodhani. Ushauri wangu wote unasimama hapo: okoteza vifaa vya kila sehemu nyingine ya kitalu, lakini usiokoteze ovyo karatasi ya paa.

Kabla ya kufunika, tazama urefu wa matao yako. Tao la nusu duara lenye upana wa mita 3 lina kimo cha mita 1.5 tu katikati, na hapo joto lote litakaa kichwani mwa mimea, mbali na kwamba wewe mwenyewe utafanya kazi umeinama. Yainue matao juu ya mirunda au nguzo nyingine zitakazosimama mita moja au zaidi kutoka ardhini, ili kilele kifike mita 2.5 au kupita. Zile pembe za juu kwenye ncha mbili za kitalu uziache wazi, zikiwa na neti tu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na hapo ndipo mlango wake wa kutokea.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Nailoni nyingi tunazozifahamu madukani ni za polithini, na polithini isiyotiwa kinga huharibiwa na miale ya urujuanimno ya jua, ambayo hukatakata minyororo mirefu ya molekuli zake hadi karatasi inakuwa kavu, inapauka na kupasuka ikiguswa. Joto huharakisha uharibifu huo. Karatasi ya kitalu nyumba huwa na unene wa takriban maikroni 200, yaani milimita 0.2, na hutiwa kemikali za kuikinga na jua zinazoifanya idumu miaka mitatu hadi mitano. Nailoni za magodoro hazina kinga hiyo, kwa sababu zimetengenezwa zilinde godoro kutoka kiwandani hadi dukani, nazo mara nyingi ni nyembamba sana. Zikiwekwa juani Dar es Salaam zitadumu miezi michache, na upepo huenda ukazimaliza mapema zaidi. Usizitupe, hata hivyo. Tengeneza nazo vitao vidogo vya kufunikia kitalu cha miche wakati wa masika, kwa msimu mmoja, ukijua tangu mwanzo kwamba baada ya hapo zitaondolewa.

Mabango ya matangazo yana sifa zinazodanganya. Yana uzi wa poliesta katikati uliopakwa PVC pande zote mbili, ni imara, hayachaniki kwa urahisi na hustahimili jua muda mrefu, hivyo mtu huyaona ndiyo paa lenyewe. Tatizo ni mwanga. Bango lililochapishwa huzuia sehemu kubwa ya mwanga, na mmea hauli kivuli: nyanya iliyo chini ya bango hurefuka, hupauka na haizai. Turubai la buluu lina kasoro hiyohiyo. Hata hivyo, katika kitalu chako mabango yana kazi nyingi. Zungushia kipande chenye kimo cha sentimita 40 chini ya kuta zote ili kuzuia matone ya mvua yasirushe udongo ndani. Tandika mengine kwenye vijia ili magugu yasiote. Na ning'iniza moja upande wa magharibi, mbali kidogo na kitalu ili lisizuie hewa, kwa ajili ya jua la alasiri la miezi ya kiangazi. Giligilani, ambayo kwenye joto hukimbilia kutoa maua kabla hujavuna majani ya maana, itakushukuru kwa kivuli hicho, kwa hiyo ipande upande huo.

Viroba vimefumwa kwa polipropilini, ambayo kwenye jua huchakaa haraka kuliko polithini, na kwa kuwa vimefumwa, maji hupenya. Vitumie kama vyungu vya kupandia au ukuta wa muda wa kuzuia upepo. Viroba au karatasi zozote zilizowahi kubeba viuatilifu usizilete kwenye shamba la chakula hata kama umezifua mara nyingi.

Kitu ambacho hukukitaja, nami ningekutafutia kabla ya vingine vyote, ni karatasi ya kitalu nyumba iliyokwisha kutumika. Mashamba ya maua na mboga ya upande wa Arusha na Kilimanjaro hubadilisha karatasi za paa kabla hazijaoza kabisa, kwa kuwa wao hawawezi kuvumilia kupungua kwa mwanga au hatari ya kupasuka katikati ya msimu. Karatasi kama hiyo huchakaa zaidi kwenye mistari iliyokuwa ikigusa vyuma, na sehemu zilizo kati ya mistari hiyo mara nyingi bado ni nzima. Kwa kitalu chako cha mita 6, unaweza kupata vipande viwili au vitatu vizuri kutoka kwenye karatasi ambayo mwenye shamba kubwa haioni tena kuwa na faida. Kupungua kwa mwanga kidogo hakutakudhuru, maana jua letu la mchana ni kali kuliko mahitaji ya mboga nyingi, na karatasi iliyofifia ikawa nyeupe kama maziwa husambaza mwanga hadi kwenye majani ya chini bila kuyaunguza ya juu. Ioshe kwa sabuni na kitambaa laini, pande zote mbili, kisha ianike.

Ili kupima kipande chochote unachokiokota, anza kwa kukikunja kwa nguvu na kukibana kwa kucha kwenye mkunjo. Kikiacha mstari mweupe unaopasuka ukikivuta, au kikiacha unga mikononi, kimekwisha. Kisha kata kijipande utie kwenye ndoo ya maji: polithini na polipropilini huelea, PVC huzama. Ni muhimu ujue tofauti hiyo, kwa sababu haziungani na kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaodhuru mapafu. Unene nao unaweza kuupima kwa mizani ya dukani. Pima uzito wa kipande kwa gramu, gawanya kwa eneo lake kwa mita za mraba, kisha gawanya tena kwa 0.92, nawe utapata maikroni. Kipande cha mita 2 kwa mita 3 chenye gramu 500, kwa mfano, kina takriban maikroni 90, nacho ni chembamba mno kwa paa linalopambana na upepo. Nisingeweka juu ya matao kitu kilicho chini ya maikroni 150.

Vipimo vyako ni hivi. Tao la nusu duara lenye upana wa mita 3 lina mzingo wa mita 4.7. Ongeza sentimita 30 kila upande kwa ajili ya kukunjia kwenye mbao na kutoa ukingo wa kudondoshea maji, inakuwa mita 5.3. Kwa urefu, ongeza nusu mita kila ncha ili mvua ya upepo isiingie, inakuwa mita 7. Hiyo ni karibu mita za mraba 37, ambazo kwa unene wa maikroni 200 zina uzito wa kilo 7 hivi. Ukikosa ya kuokoteza, basi hicho ndicho kiasi unachopaswa kununua, na ningependa uahirishe msimu mmoja ukiweka akiba ya kukinunua kuliko upande nyanya chini ya nailoni za magodoro. Ukienda Kariakoo au kwa muuzaji wa pembejeo, uliza karatasi ya kitalu nyumba yenye kinga ya jua kwa jina hilo, wala usikubali nailoni angavu ya kawaida kwa sababu tu inaonekana nene. Hazitofautiki kwa macho siku ya kwanza.

Matao yako ya PVC yanataka uangalifu ambao watu wengi hawaambiwi. PVC inapopata joto juani hutoa viambato vinavyokula kinga iliyomo kwenye karatasi ya polithini, na joto la bomba lenyewe huongeza kasi, hivyo karatasi huanza kuoza hasa kwenye mistari inayolala juu ya matao. Yapake mabomba rangi nyeupe ya maji na kuyaacha yakauke kabisa, kisha yazungushie vipande vya kitambaa cheupe cha pamba mahali pote ambapo karatasi itagusa. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja na inaweza kukuongezea msimu mzima. Ukija kubadilisha matao siku moja, bomba jeusi la poli la kupitishia maji au mianzi iliyolainishwa vifundo vyake haina ugomvi huo. Vilevile dawa zenye salfa na klorini huharibu kinga ya karatasi. Ukilazimika kunyunyizia unga wa salfa, elekeza kwenye mimea, si kwenye paa.

Kuunga vipande ndiko kunakowashinda wengi. Gundi za kawaida hazishiki polithini, na kushona kwa sindano ni kutoboa mstari wa matundu ambao karatasi itachanikia. Njia ninayoiamini ni ya mbao: weka kingo za vipande viwili pamoja, zizungushe mara mbili kwenye papi, yaani ubao mwembamba mrefu, iliyopigwa randa, weka papi ya pili juu yake, kisha zikaze kwa skrubu. Panga kiungo hicho kiwe juu ya tao, kifuate mkondo wa tao kwa papi fupifupi au kwa fito zinazopindika, ili maji yasikutane na kizuizi yanapoteremka. Unaweza pia kuunganisha polithini kwa polithini kwa pasi, ukipishanisha kingo kwa sentimita 10 na kuweka karatasi ya kaki juu na chini, kwa kuwa polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 tu. Jaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa hadi uipate kadiri ya moto na mwendo wa mkono. Bango la PVC usilipige pasi kamwe. Kwa mpasuko mdogo, utepe wa kubandika ulio angavu hutosha kwa muda, ukibandikwa ndani na nje pahali pakavu na pasafi.

Kuhusu upepo sitaki kukutisha, ila nataka uelewe ukubwa wa nguvu unayoshindana nayo. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hukandamiza kwa shinikizo la karibu kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Kitalu chako kinafunika mita za mraba 18, kwa hiyo paa linaweza kuvutwa juu kwa nguvu inayokaribia kilo 450. Hii si habari ya kubuni kwa mkazi wa pwani: mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua na upepo wake vilihisiwa hadi Dar es Salaam. Mirunda ifukiwe sentimita 60 na kushindiliwa vizuri, kila tao lifungwe kwenye mrunda wake kwa waya wa kufungia uliozungushwa zaidi ya mara moja, huku ncha kali za waya zikikunjwa kuelekea chini. Kingo ndefu za karatasi zikunjwe kwenye papi na papi hizo ziskrubiwe kwenye mbao inayopita juu ya mirunda. Halafu pitisha kamba ya manila juu ya paa kati ya kila tao na tao, upande hadi upande kwa mtindo wa kupishana, uikaze. Karatasi inayopigapiga ndiyo inayopasuka, iliyokazwa hutulia. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali, kufungua skrubu za upande mmoja na kukunja paa ni kazi ndogo kuliko kununua jingine.

Ikaze pia kwa ajili ya maji. Karatasi iliyolegea hutengeneza matumbo, na sentimita moja ya maji katika mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 10. Tumbo hilo huvuta maji zaidi hadi linapasuka. Zaidi ya hayo, jiji letu lilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wanaoieneza huzaliana katika maji kidogo yaliyotuama kama hayo. Matao yaliyo mita moja moja kama yako yanatosha, ila pitisha waya au fito mbili za kuunganisha matao kwa urefu wa kitalu, moja kila bega, ili karatasi isizame katikati. Maji yanayoteremka usiyaache yapotee: mvua ya milimita 10 itakupa karibu lita 180 kutoka kwenye paa hilo, na utayahitaji, kwa sababu mimea iliyo chini ya paa hutegemea mkono wako hata wakati mtaa mzima umefurika. Weka mfereji wa bomba lililopasuliwa na pipa lenye kifuniko.

Pembeni, vyandarua. Kwanza kabisa, chandarua kinachoweza bado kumlinda mtu kitandani kisipelekwe bustanini. Kilichochakaa kabisa, na ambacho umekwisha kukifua mara nyingi, kinaweza kuzuia ndege, panzi na nondo wakubwa. Hakitazuia inzi weupe, ambao ni wadogo kuliko matundu yake na ndio wanaoleta virusi vya nyanya vinavyokunja majani, ugonjwa ambao wakulima huuita rasta. Wala usikitegemee kuzuia kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya. Neti maalumu ya wadudu ina matundu madogo sana, na kwa sababu hiyo hupunguza hewa, jambo ambalo kwa joto letu linauma. Katika kitalu kidogo kama chako ningeacha pembeni vyandarua vilivyochakaa, kisha ningekagua majani kila asubuhi, upande wa chini hasa, nikitafuta pia utitiri mwekundu, ambao hupenda mahali pakavu penye joto pasiponyeshewa. Maua ya nyanya yatikise kidogo asubuhi, kwa kuwa upepo wa ndani hautoshi kuyasaidia kila siku. Paa halitaponya mnyauko bakteria: kama nyanya zilishawahi kunyauka ghafla zikiwa kijani mahali hapo, pandia kwenye viroba vyenye udongo uliotoka kwingine.

Siku ya kufunika chagua asubuhi tulivu, jua likiwa limeshapasha karatasi lakini upepo wa bahari haujaanza kuvuma, mtafute mtu wa kushika kila pembe, na uikaze ikiwa ya uvuguvugu, maana itajivuta yenyewe ikipoa.

Uliuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama nailoni hiyo haitakuletea matatizo na sheria. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na hata vifungashio vya kilimo vilitengwa na katazo hilo. Karatasi ya paa la kitalu si mfuko. Wajibu ulio wako ni wa mwisho wa maisha yake. Ishushe mara tu inapoanza kupauka na kukakamaa, ukiwa bado unaweza kuikunja nzima, umpe anayenunua plastiki za kuyeyushwa upya, kwa sababu ukichelewa miezi miwili itameguka vipande vidogo kwenye udongo unaolimia chakula, ambavyo hutaweza tena kuviokota. Usiichome.